Kabla Hujalipia Lenzi Nyembamba

Macho yangu yote mawili huvaa hasi 6.00. Mwenye namba kama hiyo anajua maana yake: bila miwani sitambui sura ya mtu aliyekaa ng'ambo ya meza, na kila ninapoingia duka la miwani, neno la kwanza ninaloambiwa ni kwamba nitahitaji lenzi nyembamba. Miaka kadhaa iliyopita nililikubali neno hilo bila swali. Nilichagua fremu pana iliyokuwa ikivuma mjini, nikalipia lenzi ya 1.74, nyembamba kuliko zote kwenye orodha yao, na bei ya lenzi ikapita bei ya fremu mara tatu. Wiki ya kwanza kichwa kiliniuma. Wiki ya pili nikaambiwa nitazoea. Mwezi wa tatu bado nilikuwa naivua kila baada ya saa moja na kuyafunika macho kwa viganja.

Aliyenitoa huko ni fundi mzee mwenye chumba kidogo cha kukatia lenzi. Hakunipima macho. Alinivalisha ile miwani, akaniketisha mbele yake, akatia nukta za kalamu kwenye lenzi, moja mbele ya kila mboni. Kisha akaiweka kwenye lensometa, kile chombo cha kusomea namba za lenzi, akatia nukta nyingine mbili mahali kilipo kitovu cha kila lenzi. Nukta zangu zilikuwa zimeachana milimita 62. Nukta za lenzi zilikuwa zimeachana milimita 70.

"Mwanangu," akasema, "lenzi hii haina kosa. Imekaa pasipo pake."

Tangu siku hiyo nimekuwa mtu wa kuuliza. Nimeuliza mafundi, nimeuliza wauzaji, nimesoma, nimeandamana na ndugu na marafiki wanapokwenda kununua. Nilichokipata ni kwamba kwenye miwani kuna mambo matatu ya kulipia: fremu pamoja na vipimo vyake, nyenzo ya lenzi, na matabaka yanayopakwa juu ya lenzi. Yanafaa kuamuliwa kwa mpangilio huohuo. Dukani huanza na la pili au la tatu, wakamalizia na la kwanza, na vipimo mara nyingine havitajwi kabisa.

Nianze na zile milimita nane zangu.

Kila lenzi ina kitovu, mahali pamoja ambapo mwanga hupita bila kupindishwa kando. Kitovu hicho kinatakiwa kikae mbele ya mboni. Jicho likitazama kupitia pembeni mwa kitovu, lenzi inafanya kazi ya prizimu: inakisukuma kitu upande, na jicho linalazimika kukifuata. Charles Prentice, mtaalamu wa macho wa New York wa karne ya 19, ndiye aliyeacha kanuni inayotumika hadi leo. Unachukua umbali wa kosa kwa sentimita, unazidisha kwa namba ya lenzi. Mimi kila jicho lilikosea milimita 4, yaani sentimita 0.4. Ukizidisha kwa 6 unapata prizimu 2.4 kwa jicho moja, 4.8 kwa macho mawili, na zote zilikuwa zikiyavuta macho yangu yaachane kuelekea masikioni. Macho ya binadamu yana nguvu nyingi ya kukutana kuelekea puani, kwa sababu ndivyo tunavyosoma. Nguvu ya kuachana wanayo kidogo sana wengi wetu. Kwa hiyo nilikuwa nabeba mzigo kutwa nzima, kisha naambiwa nitauzoea.

Hebu pima kanuni hiyohiyo kwa mtu wa miwani ya kusomea ya chanya 1.50. Kosa lilelile la milimita 4 kila jicho linampa prizimu 0.6, na jumla 1.2. Huenda asihisi kitu. Ndiyo maana miwani ya kusomea iliyo tayari, ile inayotundikwa kwenye ubao sokoni au kwenye stendi ya duka la dawa, inawafaa watu wengi waliovuka miaka 40 ambao kasoro yao ni uzee wa jicho peke yake. Sioni sababu ya kuwatisha. Ila miwani hiyo ina namba moja kwa macho yote mawili, haina silinda (namba ya kusahihisha jicho lisilopinda sawa pande zote), na upana wake umekadiriwa kwa uso wa wastani. Ikiwa macho yako yanatofautiana, au una silinda, au namba yako ni kubwa, ya ubaoni haikutoshi hata ikiwa ya bei nzuri. Tena asiyepimwa kabisa hana njia ya kujua kama presha ya jicho inapanda kimyakimya. Nunua ya ubaoni ukipenda, lakini nenda pia ukapimwe.

Sasa ile namba inayoitwa PD, umbali kati ya mboni na mboni. Kwa watu wazima wengi huangukia kati ya milimita 54 na 74. Hupimwa kwa rula maalumu au kwa kifaa unachochungulia ndani yake, na kazi nzima haimalizi dakika mbili. Kuna hatua moja zaidi inayostahili kuombwa: ipimwe kwa kila jicho peke yake, kutoka katikati ya pua. Nyuso zetu hazilingani pande mbili. Mimi ni 31 kwa 31, lakini mdogo wangu ni 30 kwa 33, na ukimkatia lenzi kwa kugawanya 63 nusu kwa nusu, kila jicho linakosea milimita moja na nusu. Kwa namba ndogo si hoja. Kwa progresivu, lenzi moja ya kuonea mbali na karibu, ni hoja kubwa, nitalifikia hilo.

Ilikuwaje mimi nikapewa 70? Chungulia ndani ya mkono wa fremu yako utaona namba tatu, kwa mfano 52-18-140. Ya kwanza ni upana wa tundu la lenzi kwa milimita. Ya pili ni daraja, nafasi kati ya lenzi mbili. Ya tatu ni urefu wa mkono mpaka nyuma ya sikio. Jumlisha 52 na 18: ni 70. Aliyenikatia alikiweka kitovu cha lenzi katikati ya tundu la fremu kana kwamba macho yangu yako huko.

Namba hizohizo mbili ndizo zinazoamua unene, na hapa ndipo pesa nyingi hupotea. Lenzi ya hasi ni nyembamba katikati na hunenepa kadiri unavyokwenda ukingoni. Unene huo haukui kwa hatua sawa. Hukua kwa mraba wa umbali. Ukiongeza umbali kutoka kitovu hadi ukingo kwa robo, unene unaoongezeka unazidi nusu. Nilikaa na kikokotoo nikazipigia hesabu fremu mbili kwa namba yangu na PD yangu ya 62. Ni makadirio, kwa sababu umbo la fremu nalo lina mchango wake, lakini hayako mbali na utakachokiona.

Kwa fremu ya 52-18, kitovu kikiwekwa mahali sahihi, ukingo wa upande wa sikio uko milimita 30 kutoka kitovu. Kwa plastiki ya kawaida ukingo huo unafika milimita 7.4. Kwa lenzi ya 1.60 (namba hiyo ni kiwango cha lenzi cha kupinda mwanga) ni 5.8, kwa 1.67 ni 5.2, na kwa 1.74, ile ya bei ya juu kabisa, ni 4.8. Sasa chukua fremu ya 46-18. Umbali ni milimita 24. Plastiki ya kawaida inashuka mpaka 5.5, na ya 1.60 inashuka mpaka 4.2.

Zisome tena taratibu. Plastiki ya bei ya chini kwenye fremu ndogo ni nyembamba kuliko 1.60 kwenye fremu kubwa. Na 1.60 kwenye fremu ndogo inaipita 1.74 kwenye fremu kubwa. Fremu ndogo na kubwa za aina moja mara nyingi huuzwa kwa bei moja. Tofauti ya 1.67 na 1.74 kwenye fremu ileile ni kama nusu ya milimita au pungufu, na ndiyo niliyoilipia. Kwa hiyo mwenye namba kubwa atafute fremu ambayo jumla ya upana wa lenzi na daraja inakaribia PD yake, yenye umbo la duara au la yai, na ya plastiki yenye ukingo wa kuuficha unene. Baada ya hapo ndipo azungumze habari za lenzi.

Habari za lenzi zenyewe zina utamu wake.

Kioo halisi kilitawala kwa karne nyingi na bado kina sifa mbili zisizopingika: picha safi, na hakikwaruziki ovyo. Lakini uzito wake ni karibu mara mbili ya plastiki, na kikivunjika kinavunjikia mbele ya jicho. Sioni cha kumfanya mtu mzima akichague leo, na mtoto asivalishwe kabisa.

Plastiki ya kawaida ina jina la kiwandani, CR-39. Hiyo 39 ni namba ya jaribio: ilikuwa fomula ya thelathini na tisa katika mfululizo wa utomvu uliotengenezwa Marekani na kampuni ya PPG mwanzoni mwa miaka ya 1940. Wakati wa Vita Kuu ya Pili ilitumika kwenye matangi ya mafuta ya ndege za kivita, ili ndege iwe nyepesi. Vita vilipokwisha, kampuni ya Armorlite ya California ikaanza kuifanya lenzi mwaka 1947. Kiwango chake cha kupinda mwanga ni 1.50, na ni nene kuliko zote zilizofuata. Lakini ina kitu ambacho wauzaji hawakitaji: namba ya Abbe ya 58.

Namba hii, iliyopewa jina la Ernst Abbe, mwanafizikia Mjerumani wa Jena, inaeleza jinsi lenzi inavyozuia rangi za mwanga zisitawanyike. Ikiwa kubwa, picha ni safi mpaka pembeni. Ikiwa ndogo, ukitazama taa ya barabarani kwa pembe ya lenzi utaona ukingo mmoja una ubluu na mwingine una uwekundu. CR-39 ni 58. Lenzi za 1.60 zilizo bora ni kama 41. Zile za 1.67 na 1.74 ziko kwenye 32 au 33. Polikaboneti iko mwisho, 30. Unaona basi kwamba unapolipia wembamba, unalipa pia kwa usafi wa picha. Kwa mtu wa hasi 2.00 biashara hiyo haina maana hata kidogo, maana unene anaoupunguza hauonekani, na kinachopungua pamoja nao anacho bure kwenye lenzi ya bei ya chini. Mtu wa hasi 2.00 anayeshauriwa kununua 1.67 aulize faida yake ni nini kwa milimita.

Madukani kwetu lenzi utakayoikuta mara nyingi ni ya 1.56. Lenzi nyingi duniani zinatoka China, na mji wa Danyang katika jimbo la Jiangsu umejaa viwanda vyake. Ya 1.56 ni nyembamba kidogo kuliko CR-39, bei yake ni ya chini, na huja tayari na tabaka lake. Namba yake ya Abbe ni kama 37. Kwa namba mpaka hasi 3.00 au 4.00 ni chaguo la kawaida na silipingi. Kasoro yake ni kwamba hukatika upesi. Usiiweke kwenye fremu isiyo na ukingo, ile ambayo lenzi hutobolewa na kukazwa kwa skurubu. Itaanza kupasuka kwenye tundu.

Polikaboneti ilibuniwa mwaka 1953, karibu wakati mmoja na watu wawili wasiofanya kazi pamoja: Hermann Schnell wa Bayer huko Ujerumani na Daniel Fox wa General Electric huko Marekani. Haina mpinzani wa kawaida kwa kuhimili kishindo, ni nyepesi, na inazuia miale ya urujuanimno yenyewe bila kupakwa kitu. Hiyo ndiyo lenzi ya mtoto wa shule, ya mchomeleaji anayevua kinga yake, ya dereva wa bodaboda, na ya mtu mwenye jicho moja linaloona, ambaye hana jicho la akiba. Kwa hao, ile Abbe ya 30 ni gharama ndogo. Ni laini, kwa hiyo ni lazima iwe na tabaka la kuzuia mikwaruzo. Iko nyingine iitwayo Trivex, iliyoletwa na PPG hiyohiyo mwaka 2001: inahimili kishindo karibu sawa, ni nyepesi kuliko zote, na Abbe yake ni arobaini na kitu. Ningeichagua kuliko polikaboneti kama ningeipata, lakini usitegemee kuikuta kila duka, na ukiikuta bei itakuwa juu.

Kwa ufupi wa mfukoni mwangu: mpaka 3.00, CR-39 au 1.56. Kutoka 3.00 mpaka 6.00 au 7.00, ile ya 1.60, ambayo naiona ndiyo yenye uwiano mzuri wa wembamba, uimara na usafi. Zaidi ya hapo, 1.67. Kwa 1.74 nasubiri mtu anipe sababu, na kwa mwenye hasi 10.00 sababu ipo.

Jambo moja kuhusu bei linawachanganya wengi. Watu wawili wanaagiza lenzi ya jina moja, mmoja anatozwa mara mbili ya mwenzake, na aliyetozwa zaidi anadhani ameibiwa. Mara nyingi sivyo. Lenzi za namba za kawaida huwa zimeshatengenezwa, ziko rafuni, fundi anazikata tu kulingana na fremu. Silinda ikiwa kubwa, au namba ikipita kiwango cha rafu, lenzi inaagizwa na kusuguliwa kwa ajili yako peke yako. Uliza swali hili moja: "Yangu ni ya rafuni au ya kuagizwa?" Jibu lake litakueleza bei na siku za kusubiri kwa pamoja.

Progresivu nayo ina kisa chake, na kwangu kina sura ya mama yangu mdogo.

Mama mdogo ni mshonaji, yuko Tanga, amevuka hamsini. Binti yake alimnunulia progresivu, zawadi ya upendo, kwa pesa nyingi. Nilipokwenda kumwamkia nikamkuta amevaa miwani ya ubaoni, na ile ya zawadi iko kabatini ndani ya kasha lake.

"Mama mdogo, mbona huivai?"

"Ile ya kwendea harusini, mwanangu. Kushonea haifai, sindano siioni mpaka nitazame dari."

Nikaichukua. Fremu ilikuwa fupi, lenzi zake nyembamba kwa kwenda chini kama jani la mchaichai. Hapo tatizo lilikuwa limeshajieleza. Lenzi ya progresivu, ambayo Bernard Maitenaz wa Ufaransa aliipeleka sokoni mwaka 1959 kwa jina la Varilux, ina sehemu ya kuonea mbali juu, sehemu ya kusomea chini, na njia nyembamba inayoziunganisha katikati. Njia hiyo inahitaji urefu. Kwa lenzi nyingi, kutoka katikati ya mboni mpaka ukingo wa chini wa fremu panatakiwa pawe na milimita 18 au zaidi. Zipo zenye njia fupi zinazokubali 14. Ya mama mdogo ilikuwa na milimita 13. Sehemu ya kusomea, ambayo ndiyo aliyoihitaji, ilikatwa na kubaki sakafuni mwa karakana. Alilipiwa lenzi nzima akapewa nusu ya juu.

"Walikupima urefu?" nikamuuliza.

"Urefu wa nini tena?"

Wa kupimiwa fremu ikiwa usoni. Kwa progresivu hakuna njia ya mkato: fremu yenyewe utakayoinunua, si inayofanana nayo, inavalishwa na kurekebishwa kwanza puani na masikioni. Fundi anakaa usawa wa macho yako, anatia nukta kwenye lenzi za maonyesho mbele ya kila mboni, kisha anapima kutoka nukta mpaka chini, jicho kwa jicho. Akikosea milimita mbili kushuka, utainua kidevu ili usome. Akikosea kupanda, utakuwa unatazama ngazi kwa ukungu. Na kwa kuwa njia ile ni nyembamba, hata lile kosa la milimita moja na nusu la mdogo wangu lingemtoa nje yake. Duka linalokuuzia progresivu kwa kipimo cha PD peke yake linakuuzia bahati nasibu.

Hata ikipimwa vizuri, pembeni mwa progresivu pana ukungu. Hilo ni sharti la hesabu za uso wa lenzi. Huwezi kubadilisha namba kutoka juu kwenda chini bila kuzaa kasoro kushoto na kulia. Unachokilipia kwenye matoleo ya bei kubwa ni jinsi ukungu huo ulivyosambazwa na upana wa njia. Tofauti ya toleo la chini kabisa na la kati huwa inahisika. Ile ya kati na ya juu kabisa, kwa watu niliowauliza, haikuwa kubwa kama bei ilivyotofautiana.

Bifokali yenye mstari inadharauliwa kwa sababu inatangaza umri. Lakini dirisha lake la kusomea, lenye upana wa milimita 28 kwa aina iliyozoeleka, ni pana kuliko la progresivu nyingi, halina ukungu, na bei yake ni ndogo. Mwalimu anayetazama daftari na ubao, shekhe anayetazama msahafu na waumini, karani wa kaunta: hao inawafaa sana. Kinachokosekana ni umbali wa katikati, kama kompyuta. Na fundi umeme au fundi dari, ambaye kazi yake ya karibu iko juu ya kichwa, asichukue bifokali wala progresivu ya kazini. Achukue lenzi moja ya umbali wa mikono yake.

Mama mdogo hatimaye alipata hivyo. Tulipima kwa futi yake mwenyewe kutoka jichoni mpaka kwenye sindano ya cherehani, tukaenda na kipimo hicho kwa mtaalamu, akampa lenzi ya kawaida ya namba moja kwa umbali ule. Ilikuwa CR-39, kwenye fremu aliyokuwa nayo. Gharama haikufika sehemu ya sita ya ile zawadi.

Yamebaki matabaka, nami nitayapitia haraka kwa sababu hayastahili zaidi ya hapo, isipokuwa moja. Tabaka la kuzuia mng'ao lina thamani halisi. Lenzi ya CR-39 isiyo nalo inarudisha karibu asilimia 8 ya mwanga, ya 1.67 inarudisha zaidi ya asilimia 12. Ukishanunua lenzi nyembamba bila tabaka hilo umejinunulia kioo cha kujitazama, na usiku taa za magari yanayokuja zitakuumiza. Ila tabaka hili linaogopa joto. Plastiki hutanuka kuliko tabaka lililo juu yake, na miwani iliyoachwa kwenye dashibodi ya gari mchana wa Dar es Salaam au Mombasa hupata nyufa nyembamba kama utando wa buibui, zisizotengenezeka. Na usiifute kavu kwa kanga wala kwa pindo la shati. Vumbi letu lina mchanga. Isuuze kwa maji kwanza.

Lenzi zinazogeuka nyeusi juani ni starehe nzuri kwa anayetembea kwa miguu. Dereva ajue kwamba kioo cha mbele cha gari huzuia sehemu kubwa ya miale inayoziamsha, na anayeishi pwani ajue kwamba kadiri hewa inavyokuwa ya moto ndivyo zinavyopungua weusi.

Kuhusu lenzi za kukata mwanga wa bluu, nasema wazi: pesa hiyo ibaki mfukoni. Mwaka 2023 watafiti wa Cochrane, mtandao unaochambua tafiti za afya, walikusanya majaribio 17 na kuona kwamba huenda hazipunguzi uchovu wa macho wa kompyuta zikilinganishwa na lenzi za kawaida, kwa muda mfupi ambao majaribio hayo yalidumu. Ile kalamu ya mwanga ambayo muuzaji anaimulika kwenye lenzi, halafu mwanga unazuiwa mbele ya macho yako, aghalabu hutoa mwanga wa zambarau unaokaribia urujuanimno, si ule wa skrini ya simu yako. Macho yanayochoka kwenye kompyuta mara nyingi yanataka kupepeswa, kupumzishwa, au kupimwa upya.

Tuseme basi una shilingi 200,000, na uichukue hii kuwa mfano wa kugawa, si bei ya duka lolote. Ukiwa hasi 2.00, nusu itoshe fremu nyepesi na lenzi ya 1.56 yenye tabaka la mng'ao, na inayobaki inunue miwani ya pili, kwa sababu iko siku ya kwanza itakaliwa na mtu kwenye kochi. Ukiwa hasi 6.00, fremu ndogo isizidi 60,000, na 140,000 iende kwenye 1.60 yenye tabaka. Ukiwa na miaka 55 na pesa haitoshi progresivu ya kati, chukua bifokali, au miwani miwili ya namba moja, ya mbali na ya karibu. Usichukue progresivu ya chini kabisa kwenye fremu fupi. Miwani ya 200,000 inayodumu miaka miwili ni kama shilingi 274 kwa siku. Isiyovalika haina bei ya siku, imekula yote.

Siku ya kuichukua, usiondoke mlangoni upesi. Omba isomwe kwenye lensometa mbele yako huku cheti chako kikiwa mezani. Kama ni progresivu, iinamishe kwenye mwanga: kila lenzi ina alama mbili ndogo zilizochorwa, zimeachana milimita 34, na chini ya ile ya upande wa sikio pameandikwa nyongeza ya kusomea. Ilinganishe na cheti. Kama ni lenzi ya namba moja isiyo na silinda, kitovu unaweza kukitafuta mwenyewe. Ishike miwani mbele yako kwa mkono ulionyooshwa, funga jicho moja, tazama mhimili wa mlango kupitia lenzi. Mstari wa mlango utakuwa umekatika ndani ya lenzi. Isogeze kushoto na kulia mpaka mstari wa ndani uungane na wa nje, tia nukta hapo, fanya hivyo kwa lenzi ya pili, kisha pima nukta hadi nukta. Namba utakayoipata inatakiwa iwe PD yako. Yangu ya sasa ilitoka 62, na fundi alikuwa amesimama pale akinishikia rula.